Zamu wa Bure kwa Ordinatere ya Nyumba



Mwezi huu nianze na haya yangu mwenyewe. Kumepita miaka kadhaa, ordinatere ya nyumba yetu ilianza kuchelewa. Binti yetu alikuwa anaandika TFC yake humo, na mimi nilitunza humo majina ya washiriki, ndoa na ubatizo. Kijana mmoja wa kartie akakuja, akaniambia: « Papa Pasta, niko na antivirusi ya nguvu, ile ya kulipa. Lakini wewe nitakuwekea bure, funguo yake ilishavunjwa. » Nikafurahi. Sikuuliza namna gani kitu cha kulipa kimekuwa bure. Tena akasema lazima tuzime kwanza antivirusi iliyokuwa ndani, juu ilikuwa inaikataa ile yake. Tukaizima.

Siku tatu hazikupita, binti akalia: « Papa, TFC yangu haifunguke! » Kila faili lilikuwa na mkia mpya kwenye jina lake, na barua fupi kwenye ekra ilidai feza ili tufunguliwe. Kazi ya miezi sita ilikwenda. Tulipata sura mbili tu, kwa sababu alikuwa amezituma kwa mwalimu wake. Majina ya washiriki tuliandika upya kutoka vitabu vya karatasi, juma baada ya juma.

Ndugu msomaji, mwizi huyu hakuruka ukuta. Mimi nilimfungulia mlango, na kwanza nilifukuza zamu aliyekuwa anamkataa. Tena mimi ninayefundisha watu wasiibe, nilipokea mali ya wizi kwa sababu ilikuwa ndani ya mashini, haionekani. Tangu siku ile nilijifunza habari ya mambo haya, na leo ninawapa nilichojifunza.

ZAMU NA MLANGO WA LUPANGO

Watu wengi wanachanganya kazi mbili. Antivirusi ni sawa zamu anayepekua mizigo ya kila anayeingia. Anayo orodha ya alama za wezi wanaojulikana. Tena anaangalia mwenendo: programu ikianza kufunga mafaili yako moja kwa moja, anaikamata hata kama jina lake halimo kwenye orodha.

Parefe (kwenye ekra utasoma « Pare-feu ») ni mlango wa lupango. Ordinatere iliyounganishwa na intaneti iko na milango mingi yenye nambari. Parefe inafunga ile ambayo hakuna aliyeomba ifunguliwe.

Kwa nini mlango ni wa lazima? Tarehe 12 Mei 2017 virusi iliyoitwa WannaCry ilipiga maordinatere zaidi ya 200.000 katika inchi karibu 150. Katika Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa. Virusi ile haikungoja mtu afungue barua. Ilipita mlango nambari 445, ule ambao Windows inatumia kwa kugawana mafaili, ikatoka mashini hii ikaingia ile. Na dawa ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili mbele. Wenye kuchukua dawa, tundu lile lilikuwa limezibwa kwao. Wenye kusema « nitafanya kesho », kesho iliwakuta.

ULISHAKUWA NA ZAMU

Papa mmoja wa Kolwezi aliniuliza: « Pasta, nitafute antivirusi gani ya bure? » Nilimjibu: angalia kwanza ndani ya nyumba yako. Kama iko na Windows 10 au Windows 11, zamu iko ndani tayari. Jina lake ni Microsoft Defender. Haulipi hata franka moja. Na parefe ya Windows inakuja ikiwa imefungwa vizuri tangu mwaka 2004, wakati wa Windows XP.

Ufungue « Sécurité Windows ». Ndani ya « Protection contre les virus et menaces », hakikisha « Protection en temps réel » imewaka. Kisha ufungue « Pare-feu et protection du réseau », na hapo pia kila kitu kiwe kimewaka. Hii ni kazi ya dakika tano. Kwa jamaa nyingi inatosha.

Neno moja juu ya kuungana. Wengi wetu tunapata intaneti kwa telefone ya mtoto, ao ku siber, ao ku kanisa. Windows ikikuuliza aina ya mtandao, chagua « Réseau public », hata nyumbani. Kwa namna hii ordinatere yako haijionyeshe kwa zile zingine zilizo pale. Chagua « privé » tu kama unagawana mafaili ao emprimante na mashini za nyumba yako mwenyewe.

Parefe nyingine za bure ziko, lakini zingine zinakuuliza maswali usiku na mchana: hii ipite, ile isipite? Mtu anachoka, anaanza kujibu ndiyo kwa yote. Zamu anayekuamsha mara ishirini kwa usiku, mwishowe utamwambia afungue tu.

UKITAKA ZAMU MWINGINE

Sikatazi. Avast, AVG, Avira na Bitdefender ziko na antivirusi za bure zinazojulikana. Lakini pima mambo haya:

1. Awe mmoja tu. Wazamu wawili mlangoni wanapekuana wenyewe kwa wenyewe, na ordinatere yenye nguvu kidogo inaanguka. Ukiweka antivirusi nyingine, Defender inajiweka kando yenyewe. Ukiitoa, angalia kama Defender imerudia kazi.

2. Alinde saa zote. Programu zingine za bure zinapekua tu wakati ukiziomba. Hizo ni dawa ya kutibu, hazilindi mlango.

3. Umtoe kwa mwenye kuifanya. Usichukue ku flashi ya rafiki, wala kwa ukurasa unaopiga kelele ghafula: « Ordinatere yako iko na virusi 37, bonyeza hapa! » Antivirusi ya kweli haikutafute barabarani. Funga ukurasa ule.

4. Uliza nani anamlipa. Mwezi wa Januari 2020 ilijulikana kwamba Avast, kwa njia ya kumpani yake ndogo Jumpshot, ilikuwa inauza habari za kurasa ambazo watu walitembelea. Jumpshot ilifungwa mwezi ule ule. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliamuru Avast ilipe dola milioni 16,5. Kwa hiyo, siku ya kuiweka, soma maswali, na ukatae kugawa habari zako pale unaporuhusiwa kukataa. Usibonyeze tu « Suivant, Suivant » sawa mtu anayekimbizwa.

5. Usipoteze nguvu kubishana. Vijana wanagombana: Avast, hapana AVG, hapana Avira! Avast ilinunua AVG mwaka 2016. Leo Avast, AVG, Avira na Norton zote ziko chini ya kumpani moja, Gen Digital. Mnabishana juu ya watoto wa nyumba moja.

Na ile ya funguo kuvunjwa, hapana. Mwizi wa funguo za kila nyumba hapewe kazi ya zamu.

ZAMU LAZIMA ALE

Najua mtanijibu: « Pasta, mega ni bei. » Ni kweli. Lakini zamu asiyepewa orodha mpya anatafuta wezi wa mwaka jana. Kama nyumbani hakuna intaneti, nenda kwa mtu anayo, uchukue kwa tovuti ya Microsoft faili la kulisha Defender. Jina lake ni mpam-fe.exe, na linapita mega 100. Ulibebe ku flashi, ulifungue kwako. Hata mara moja kwa mwezi ni afazali kuliko kutofanya kabisa. Jamaa tano za kartie zinaweza kulipa pamoja na kupokezana flashi ile. Na marekebisho ya Windows yenyewe, usiyazime kwa milele. Wakumbukeni wale wa Mei 2017.

Kama ordinatere yako ni ya Windows 7, Microsoft iliacha kuitunza tangu Januari 2020. Windows 10 ilimaliza marekebisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft ikafungua mpango wa nyongeza wa kufika Oktoba 2026. Mashini ya zamani sana usiitupe: watoto waandikie humo, lakini bila kuiunganisha na intaneti, na bila kufungua humo mambo ya feza.

FLASHI YA FOTOKOPI

Kwetu virusi mingi haipite kwa intaneti, inapita kwa flashi. Mwanafunzi anaenda ku fotokopi kutoa kazi yake, anarudi, anafungua flashi: dosie zote zimekuwa na kamshale kadogo, na kazi yake haionekani. Wengi wanalia na kufuta flashi nzima. Hapana! Mara nyingi mafaili yako bado yamo, yamefichwa tu. Ule mshale ndio mtego. Usiubonyeze mara mbili. Bonyeza jina la flashi kwa upande wa kuume wa suri, chagua « Analyser avec Microsoft Defender », ungoje imalize. Kisha ndani ya « Affichage » washa « Éléments masqués ». Mara zingine utaona kazi yako inarudi.

Fanya upekuzi huu kila mara flashi inarudi kutoka nje, hata kama ni ya mchungaji.

HATA ZAMU MZURI ANASINZIA

Hakuna antivirusi, ya bure ao ya kulipa, inayokamata wezi wote. Ingekuwa mimi nilikuwa na nakala moja ya TFC ya binti yangu ku flashi iliyokaa kwa kabati, ile barua ya kudai feza ningeicheka. Basi, kila Posho mangaribi, weka nakala ya mambo yasiyoweza kurudi: kazi ya masomo, picha za marehemu, vitabu vya kanisa. Kisha ondoa flashi kwa mashini, uiweke mbali. Flashi inayobaki imechomekwa itafungwa pamoja na mengine.

Binti yetu aliandika upya TFC yake, akamaliza mwaka uliofuata, na jamaa ikalipa masomo mara ya pili. Yule kijana hakuwa na moyo mbaya. Mashini yake mwenyewe ilianguka juma lile lile, na alikuja kulia kwangu. Tulikaa pamoja, tukarudisha Defender kwa mashini zote mbili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika ordinatere yetu, ni programu gani tulipokea « bure » bila kuuliza ilitoka wapi?
2. Kama mashini hii ingekufa usiku huu, tungelilia nini kesho asubui? Nakala yake iko wapi?
3. Kati yetu, nani atakuwa mwenye kulisha zamu kila mwezi?

Andikeni jibu la swali la tatu kwa karatasi, na jina la mtu, mbele ya kulala. Bwana awalinde, ninyi na kazi ya mikono yenu.

Mchungaji wenu