Sindano ya diski: uthibitisho kwanza, bili baadaye

Tangu Julai 1, 2025, daktari wa jimbo la Florida, Marekani, anaruhusiwa kumdunga mgonjwa wa mifupa au mwenye maumivu sugu seli shina ambazo FDA, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, haijaziidhinisha. Sharti ni amweleze mgonjwa kwa maandishi kuwa tiba haina kibali, kisha apate saini yake. Watetezi wa sheria hiyo wanasema mtu aliyeumwa mgongo miaka nenda miaka rudi ana haki ya kujaribu. Hoja hiyo si ya kubezwa. Ila kujaribu na kuuziwa ni mambo mawili, na Florida imeyachanganya.

Tuitazame diski yenyewe. Uti wa mgongo una diski 23 kati ya pingili zake, kila moja kama mto mdogo wenye ute katikati na nyuzi ngumu pembeni. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula na oksijeni huifikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye mifupa iliyo juu na chini yake. Ndiyo maana ikichakaa haiponi kama msuli unavyopona, na ndiyo maana wazo la kuipelekea seli mpya linavutia. Lakini hapohapo ndipo shaka inapoanzia. Seli hizo zinatupwa mahali penye njaa, oksijeni haba na asidi nyingi, ambako hata seli wenyeji zimeshindwa kuishi.

Isitoshe, diski iliyochakaa si lazima iwe ndiyo inayouma. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti zilizohusu watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 37 ya wenye miaka 20 walionekana na diski zilizochakaa, na kwa wenye miaka 80 ilifika asilimia 96. Kwa hiyo picha ya MRI peke yake haitoshi kumtoa mtu akiba yake.

Majaribio makubwa yanasema nini? Mwaka 2021 kampuni ya Mesoblast ya Australia ilitangaza matokeo ya seli zake kwa wagonjwa 404, baadhi yao wakiwa wamedungwa maji ya chumvi tu. Lengo kuu la jaribio halikufikiwa. Kampuni ilieleza kuwa maumivu yalipungua zaidi kwa baadhi ya waliopata seli, ikaanzisha jaribio jingine ili kulipima hilo. Ilifanya sawasawa: dalili njema inadai kupimwa tena. Barani Ulaya, jaribio la RESPINE lililoratibiwa kutoka Montpellier, Ufaransa, lilihusisha wagonjwa 114. Baada ya mwaka mmoja, seli za uboho hazikuizidi sindano ya kuigiza. Tena karibu watu 7 kati ya 10 waliopata sindano hiyo ya kuigiza walihesabiwa kuwa wamepata nafuu!

Takwimu hiyo ningependa kila mgonjwa aijue. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka, na mtu huenda kliniki siku yamempanda. Akidungwa chochote, wiki zijazo huenda akajisikia afadhali, naye atasimulia kwa moyo mweupe kuwa sindano imemponya. Hasemi uongo. Lakini ushuhuda wake, hata ukirudiwa na watu elfu, hauwezi kuonyesha kilichomsaidia.

Madhara nayo yapo. Mwaka 2018 CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, iliripoti watu 12 wa Texas, Florida na Arizona waliolazwa hospitalini kwa maambukizi ya bakteria baada ya kupewa bidhaa za damu ya kitovu zilizosifiwa kuwa tiba ya seli shina. Bakteria walikutwa hata ndani ya vichupa ambavyo havijafunguliwa. Florida sasa inadai seli zitoke maabara zenye ithibati, na hilo ni jema. Lakini usafi wa kichupa hautuambii kama dawa iliyomo inafanya kazi.

Matangazo ya tiba hizi yanavuka mipaka kwa simu, na wagonjwa wetu hawana uhaba wa maumivu wala wa matumaini. Mabaraza ya madaktari na mamlaka za dawa za Afrika Mashariki yasisubiri malalamiko. Yaweke kanuni sasa: sindano ambayo bado inajaribiwa itolewe ndani ya jaribio lililosajiliwa, mgonjwa asitozwe hata senti, na matokeo yachapishwe yawe mazuri au mabaya. Nawe uliyeambiwa diski yako imekwisha, kabla ya kutoa fedha muulize daktari: sindano hii imeshindanishwa na maji ya chumvi, na ilishinda kwa kiasi gani? Akikujibu kwa picha za waliopona tu, usilipe.