MZIGO WA USHAHIDI NI WA NANI?



Mwenye duka akidai deni, hufungua daftari. Hawezi kumshika mteja akamwambia: "Thibitisha ya kuwa hukukopa." Baraza nzima ingeliita hiyo dhulma. Lakini panapodaiwa uhuru wa mtu au roho yake, wengi wetu huisahau kanuni hii, tukamtaka mshitakiwa ndiye athibitishe usafi wake.

Liangalieni lililotokea Uingereza mwaka 1935. Reginald Woolmington, kijana wa kazi za shamba mwenye miaka 21, alishitakiwa kumwua mkewe kwa bunduki. Hakukana ya kuwa bunduki ilikuwa mikononi mwake. Alisema ilifyatuka kwa bahati mbaya, alipokuwa akimtisha mkewe kuwa atajiua mwenyewe. Juri, yaani raia kumi na wawili waliowekwa kuamua, haikuafikiana. Kesi ikasikilizwa upya mjini Bristol mbele ya juri nyengine. Huko Jaji Swift aliwaelekeza ya kuwa, maadam imethibiti mke amekufa kwa mkono wa mume, huhesabiwa ameuawa kwa kusudi, mpaka mume awaridhishe kuwa sivyo. Kwa maelekezo hayo wakamtia hatiani, naye akahukumiwa kunyongwa. Rufaa yake ya kwanza ikatupwa.

Mwaka huo huo kesi ikafika mbele ya majaji wakuu wa Baraza la Malodi. Lord Sankey akabainisha ya kuwa maelekezo yale yalikuwa makosa. Ukiacha dai la wazimu, na pale sheria ya Bunge iliposema vyengine, mzigo ni wa mwenye kushitaki tangu mwanzo hata mwisho; na ikibakia shaka ya maana, faida yake ni ya mshitakiwa. Woolmington akaachiwa huru. Maneno machache ya jaji yalikuwa karibu kumfikisha kitanzini.

Sisi tuliosoma chuoni hatuoni ugeni hapa. Wanavyuoni wa fiqhi waliiweka bayyina juu ya mwenye kudai, na kiapo juu ya mwenye kukana. Na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 yakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosa kabla ya hatia yake kuthibiti.

Wako wasemao ya kuwa hivi wahalifu wataponyoka. Huenda mmoja akaponyoka. Lakini dola ina polisi, ina waendesha mashitaka, ina jela; mshitakiwa mnyonge aghlabu hana ila ulimi wake. Mwenye nguvu ndiye apasiwaye kubeba mzigo.

Mahakama zetu leo hazina juri. Jaji au hakimu hujielekeza mwenyewe, na sababu zake hutolewa katika hukumu. Basi akishitakiwa mwenzetu, tusitosheke kupiga kelele kuwa hana kosa kwa kuwa ni wetu. Tuisome hukumu, tuulize: bayyina iko wapi, na nani aliyeileta? Na akishitakiwa mtu wa upande wa pili, tuulize suala lile lile, kwa sauti ile ile, wala tusimwite mwizi vibarazani kabla ya hukumu. Chama kiitakacho kanuni hii kwa watu wake peke yao hakidai haki, chadai upendeleo. Na upendeleo ndio huo tunaoulalamikia kila siku.