Maghorofa ya kifahari Kericho: Bei ya Nairobi, mfuko wa majanichai

MJI wa Kericho umebanwa. Ukitoka katikati ya mji kuelekea Nakuru au Kisumu, hukai sana garini kabla ya kukutana na zulia la kijani kibichi la majanichai, likipanda na kushuka vilima hadi upeo wa macho. Mgeni huona uzuri wa mandhari. Anayetafuta ploti ya kujenga huona ukuta.

Ndiyo maana hoja kwamba Kericho sasa ipande juu, kwa maghorofa marefu yenye lifti na fleti za kifahari, inawavutia wawekezaji, mawakala wa ardhi na hata wanasiasa. Wanasema ardhi ni haba, watu wanaongezeka, na kwa hiyo bei itapanda tu.

Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Uhaba wa ardhi hupandisha bei ya ploti, lakini haumtii mnunuzi pesa mfukoni. Tusipoitenganisha haja ya makao na uwezo wa kuyalipia, tutajenga majumba yatakayokaa na giza usiku huku wenye shida ya nyumba wakiyatazama kutoka vibandani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya udongo unaouzunguka mji wa Kericho iko chini ya ukodishaji wa muda mrefu ulioasisiwa enzi za ukoloni, baada ya jamii za Kipsigis na Talai kufurushwa. Mikataba mingine ilikuwa ya miaka 999. Katiba iliyoidhinishwa mwaka wa 2010 iliipunguza kwa wasio raia hadi miaka 99, ikihesabiwa tangu Katiba ilipoanza kutumika. Maana yake ni kwamba mikataba hiyo haitakwisha kabla ya mwaka wa 2109.

Kati ya mwaka wa 2023 na 2024, mashamba yaliyokuwa ya James Finlay na yale yaliyokuwa ya Unilever yaliingia mikononi mwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Jina kwenye lango limebadilika, lakini mipaka ya shamba haikusogea. Hata mwaka wa 2019, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilipounga mkono malalamishi ya wenyeji wa Kericho na Bomet kuhusu dhuluma za kihistoria, kampuni za chai zilikimbilia mahakamani.

Hali ni tofauti ukiteremka hadi Bomet. Huko mji umepakana na vishamba vya familia vyenye hatimiliki, na kila mrithi anayekata kipande chake na kukiuza huongeza ploti sokoni. Mji wa Bomet unatanuka kando ya barabara za kwenda Kaplong na Narok bila kulazimika kupanda juu. Kwa hivyo bei ya ploti Kericho si kipimo cha utajiri wa wakazi wake pekee. Ni kipimo pia cha ardhi iliyofungiwa nje ya soko.

MNUNUZI NI NANI?

Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 901,777 katika Kaunti ya Kericho na 875,689 katika Kaunti ya Bomet. Wauzaji wa nyumba hupenda takwimu za aina hii. Hata hivyo, wengi wa watu hao wanaishi vijijini katika mashamba yao wenyewe, na hawana haja ya kununua chumba angani.

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, miji hii imepata tabaka jipya la wapangaji: maafisa wa kaunti, wahandisi, wauguzi na wanakandarasi. Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopata hati yake mwaka huo huo, pamoja na matawi ya benki na mahakama, vimeongeza wahadhiri, mameneja na mawakili. Hawa ndio wanaojaza nyumba za vyumba viwili na vitatu mjini.

Lakini ni wapangaji. Afisa aliyehamishiwa Kericho kwa miaka mitatu hana sababu ya kununua fleti huko. Mwenyeji naye, akijaliwa pesa, hujenga nyumbani kwao, mahali atakapofugia ng'ombe, atakapopokea wageni wa posa na atakapozikwa. Fleti kwake ni biashara, wala si nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga debe wa maghorofa husahau. Katika miji mingi, kampuni kubwa ndizo huleta wapangaji wenye mishahara minono. Katika nchi ya majanichai, kampuni huwapa wafanyakazi wao makao humo humo shambani. Meneja anaishi katika nyumba yenye bustani pana, naye mchumaji anaishi katika safu za vyumba vya kampuni. Mwajiri mkubwa wa eneo hili amewaondoa sokoni matajiri na maskini kwa pamoja.

HESABU YA BONASI

Tuchukue mfano. Tuseme fleti ya kifahari ya vyumba vitatu mjini Kericho inatangazwa kwa Sh8 milioni, bei ambayo kwa mnunuzi wa Nairobi si ya kutisha. Mnunuzi akikopa pesa hizo zote benki kwa riba ya asilimia 14, kwa miaka 20, atalipa takriban Sh99,500 kila mwezi. Ikiwa malipo hayo hayapaswi kuzidi thuluthi moja ya mapato, basi anahitaji mshahara wa karibu Sh300,000.

Sasa tumtazame mkulima mdogo anayepeleka majanichai katika kiwanda kinachosimamiwa na KTDA. Akiwa amewasilisha kilo 5,000 kwa mwaka, na bonasi ikawa Sh20 kwa kilo, atapokea Sh100,000. Bonasi ya mwaka mzima, ambayo familia huitarajia kwa karo, deni la dukani na mabati ya jikoni, italipia fleti hiyo mwezi mmoja tu.

Isitoshe, bonasi yenyewe si ya kutegemewa. Mwaka wa 2025 wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana wakilalamikia malipo yaliyokuwa duni mno yakilinganishwa na ya wenzao wa eneo la Mlima Kenya. Mji unaotegemea chai hupumua kwa pumzi ya mnada wa Mombasa. Majani yakikosa soko huko, maduka ya Litein na Sotik huhisi, na mwenye nyumba za kukodisha huhisi pia.

Tumhesabie mwekezaji vilevile. Akiipangisha fleti yake ya Sh8 milioni kwa Sh30,000 kwa mwezi, atapata Sh360,000 kwa mwaka, sawa na asilimia 4.5, kabla ya kulipa ushuru, ukarabati na miezi ya kukosa mpangaji. Mnamo Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyotozwa ushuru. Riba zimeshuka tangu wakati huo, lakini mwenye pesa zake hujifunza haraka. Fleti itamfaa tu iwapo bei yake yenyewe itazidi kupanda, na bei hupanda akiwapo mnunuzi wa pili.

Wanunuzi hao si wengi hata kitaifa. Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, mikopo ya rehani za nyumba nchini kote ilikuwa takriban 30,000 mwishoni mwa mwaka wa 2023. Hiyo ni nchi nzima, pamoja na Nairobi na Mombasa.

FUNZO LA UPPER HILL

Nairobi yenyewe ina la kutufunza. Mnamo Mei 2017, aliyekuwa Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi wa jengo la The Pinnacle mtaani Upper Hill. Lilikusudiwa kupita mita 300 kwenda juu na kuwa refu kuliko yote barani Afrika, likiwa na hoteli na fleti za kifahari. Mzozo wa ardhi ukalifikisha kortini, na mnara huo haujasimama.

Nairobi ina mabalozi, mashirika ya Umoja wa Mataifa na makao makuu ya kampuni za kimataifa. Ikiwa huko mradi mkubwa waweza kukwama, Kericho ina sababu ya kujihadhari. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Aidha, jengo refu si matofali na saruji tu. Lahitaji lifti, pampu za maji, jenereta, vifaa vya kuzima moto na walinzi, na gharama hizo hugawanywa miongoni mwa wenye fleti kila mwezi. Jengo likiwa nusu tupu, wachache waliomo hubeba mzigo wa wote. Lifti ikifa, fleti ya ghorofa ya 10 hugeuka adhabu.

Sheria imeboreshwa. Ile ya mwaka wa 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo humwezesha mwenye fleti kupata hatimiliki yake binafsi pamoja na fungu lake katika maeneo ya pamoja. Hii ni kinga muhimu. Lakini hatimiliki humlinda mnunuzi dhidi ya mjenzi laghai tu. Haimlindi dhidi ya bei iliyotiwa chumvi.

WENYE HAJA YA MAKAO

Wenye haja ya kweli hawatajwi katika mabango ya matangazo. Mnamo Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma majanichai katika mashamba ya Kericho. Hasira ile ilihusu kazi, lakini ilihusu makao pia. Mchumaji anayeishi katika chumba cha kampuni akipoteza kazi, hupoteza paa siku hiyo hiyo. Huyo ndiye mpangaji mpya wa mji, na anachotafuta ni chumba safi chenye maji na choo, karibu na mahali pa vibarua.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024 humkata kila mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Sheria hiyo inawatambua wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi kama kundi lenye nyumba zake. Mchumaji majani anakatwa kama wengine. Ana haki ya kuuliza ni nyumba ngapi za kundi lake zitajengwa Kericho na Bomet, na kwa bei gani.

Serikali za kaunti hizi mbili hazipaswi kuwakataza wawekezaji kujenga juu. Jengo la ghorofa tano au sita, lililo karibu na soko na kituo cha magari, lenye vyumba ambavyo mwalimu na muuguzi wanaweza kulipia, litajaa. Kabla ya kupitisha ramani za minara, kaunti ziwadai wajenzi ushahidi wa wanunuzi, maji ya kutosha na njia ya majitaka.

Muhimu zaidi, Kericho inahitaji mazungumzo ya wazi na kampuni za chai kuhusu ardhi iliyopakana na mji. Ekari chache zikitolewa kwa makao ya umma zitashusha bei ya ploti kuliko mnara wowote utakaojengwa. Bila hilo, mchumaji atakayefukuzwa na mashine ataendelea kutafuta chumba katika mji usio na pa kumweka.