Kwao ni Wapi Mtoto wa Kambini?

Mtoto wa askari akiulizwa kwao ni wapi, husita. Baba ni mtu wa Arua, mama ni mtu wa Mbale. Yeye alizaliwa katika kambi moja na kuanza shule katika kambi nyingine. Husemwa kuwa mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtoto huyu hakuiacha asili. Ni amri za uhamisho zilizomweka mbali nayo.

Wako waliotangulia katika njia hiyo. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert askari waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka mwaka 1889, akawaleta Uganda pamoja na wake na watoto wao. Walikuwa watu wa makabila mengi, hasa ya kusini ya Sudan. Kambini walioana na kusali pamoja. Kiarabu cha jeshini kikawa lugha ya watoto wao, Kinubi. Akina mama wakapika kisra na kusuka sinia za rangi za kufunikia chakula. Hivyo kambi ikazaa kabila, na Bombo ikawa mji wao.

Wenzao waliokaa Nairobi walipewa msitu, wakauita Kibra, ndiyo Kibera ya leo. Kambi iliwapa jina na lugha, lakini haikuwapa haki ya ardhi. Uganda iliwataja Wanubi katika Katiba ya mwaka 1995 miongoni mwa jamii za asili za nchi; huko Kibera hati ya ekari 288 ilipatikana mwaka 2017 tu.

Funzo kwa wazazi ni hili. Mtoto anayeamshwa na buruji na kucheza na watoto wa kila kabila hupata adabu na udugu ambao wengi hawaupati. Asichekwe kuwa hana kabila. Hata hivyo, nyumba ya kambini ni ya kazi, si ya ukoo. Siku baba anapostaafu, au anapofariki, ufunguo hurudishwa.

Basi likizo na zimfikishe mtoto kwa bibi na babu, ajue lugha yao na makaburi ya wazee wake. Mshahara nao, ungali upo, na ununue japo kiwanja kidogo. Kambi humlea mtoto vema, ila haiwezi kumrithisha ardhi.