Masala Kulangwa Hana Kesi ya Kujibu

Usukumani, kuanzia Shishiyu hadi Mwanza, kisa kinajulikana: zimwi Shing'weng'we lilimeza watu na mifugo yote, akabaki mjamzito mmoja aliyejificha kwenye pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, akaliua, akalipasua tumbo, wote wakatoka. Mashtaka dhidi ya kisa hiki mmeyasikia. Yapimeni, kisha mhukumu.

La kwanza: Masala ni yule yule shujaa wa kila taifa, sura ya kale iliyomo akilini mwa binadamu wote, kama alivyofundisha Carl Jung. Ni kweli, Wasotho nao wana kijana aliyepasua zimwi. Lakini kinachofanana ni mifupa tu. Masala anaua panzi, anampelekea mama na kumwambia kwamba ndiye Shing'weng'we. Anaambiwa siye, anarudi porini. Shujaa anayekosea na kusahihishwa na mama yake ni kazi ya msimuliaji, si ya kanuni.

La pili: kisa kimeigwa kwa Yona. Yona alimezwa peke yake, kwa kosa lake, akatapikwa kwa amri ya Mungu. Hapa wamemezwa wote, bila kutajiwa kosa, na kisu ndicho kilichowatoa. Tena waliodai kwamba akili zote huzaa kisa kimoja ndio hao hao wanaodai Msukuma alilazimika kukiazima. Wachague moja. Mapadri Joseph Healey na Donald Sybertz, waliomlinganisha Masala na Kristo katika kitabu chao cha 1996, walikikuta kisa, hawakukileta.

La tatu ndilo zito: hekaya hizi huchochea mauaji ya vikongwe. Mauaji hayo yametokea kweli, basi kisa kisomwe hadi mwisho. Kisu cha Masala kilimkata sikio ajuza mmoja. Ajuza akaghadhibika, akajaribu kumroga. Masala akatafuta dawa, akamponya. Ndipo watu wakamfanya mtemi. Anayemuua bibi akimdhania mchawi kwa sababu ya macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni hakufundishwa na Masala.

La nne: lugha ya kisasa haihitaji mazimwi. Msemaji huyo huyo, akisikia bosi wake anahamishwa, huwa wa kwanza kunong'ona kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Mshtakiwa aachiwe huru. Atakayekata rufaa, kwanza akisome kisa chote, sikio la ajuza likiwemo.