Kisu kizuri hutokana na chuma na moto, si mng'aro

KATIKA minada na magulio ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mnunuzi wa kisu hutazama mng'aro, hupitisha kidole gumba kwenye makali, hupatana bei na kuondoka. Wiki chache baadaye kisu hicho kimekuwa butu kiasi cha kunolewa kila asubuhi, au makali yake yamemeguka kama biskuti baada ya kugonga mfupa.

Kwa mkulima na mfugaji, hasara hiyo si ndogo kama inavyodhaniwa. Kisu ndicho kinachopunguza mizizi na mabua ya vitunguu saumu huko Mbulu, na ndicho kinachochuna ng'ombe na mbuzi huko Hanang. Kisu butu humlazimisha mchunaji kutumia nguvu, mkono ukateleza na ngozi ikatobolewa. Ngozi yenye matundu na mikato hushushwa daraja, na bei yake hushuka pia. Fedha iliyookolewa kwa kununua kisu rahisi hupotea kwenye ngozi moja tu.

Lawama ya kwanza kwa kawaida humwangukia mhunzi. Wapo wanaosema kisu cha kufuliwa kijijini hakifai na cha kiwandani ndicho bora. Wapo pia wanaosema kinyume chake. Kauli zote mbili zina kasoro. Ubora wa kisu huamuliwa na mambo mawili ambayo hayaonekani kwa macho sokoni: aina ya chuma kilichotumika, na namna chuma hicho kilivyopitishwa motoni.

Uhunzi si jambo geni katika eneo hilo. Wadatoga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni sehemu yao, wana ukoo wao wa wahunzi unaojulikana kama Gidang'odiga. Wahunzi wa Kidatoga wamekuwa wakiwafulia jirani zao mikuki, visu na mapambo, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kando ya Ziwa Eyasi wamekuwa wakipata kwao vichwa vya mishale na visu kwa kubadilishana na vitu kama asali. Wala ujuzi wa chuma chenye kaboni haukuletwa na meli. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kuwa mafundi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walikuwa wakikizalisha katika tanuru zao karne nyingi zilizopita.

Kilichobadilika ni malighafi. Mhunzi wa leo hayeyushi mawe ya chuma. Anafua chuma chakavu, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Katika rundo la chuma chakavu kuna nondo, mabomba, misumari, springi za magari, madiski ya haro, tupa zilizokwisha na beringi. Vyote hupimwa kwa kilo, na vyote huonekana chuma kilekile. Lakini sivyo.

Kinachovitofautisha ni kaboni. Nondo na chuma laini cha kuchomelea milango kwa kawaida huwa na kaboni ya chini ya asilimia 0.3. Chuma cha namna hiyo hufulika kwa urahisi na hung'aa vizuri, lakini hata kikichomwa na kuzimishwa mara kumi hakiwi kigumu kiasi cha kushika makali. Springi bapa za magari zina kaboni inayokaribia asilimia 0.6, hivyo hukaza vizuri na bado huvumilia kishindo. Tupa huwa na kaboni ya asilimia 1 au zaidi; hutoa makali makubwa, ila humeguka upesi zisipotunzwa motoni. Beringi nazo zina kaboni ya kiasi cha asilimia 1 pamoja na kromiamu, lakini ni ngumu kufua kwa mkono na hudai uangalifu zaidi.

Kwa mantiki hiyo, springi ya gari ndiyo malighafi inayomfaa zaidi mhunzi wa kijijini, kwa kisu na hata kwa panga. Sharti ni moja: achague kipande kisicho na ufa, kwa sababu springi iliyotolewa garini baada ya kuvunjika yaweza kuwa na nyufa ndogo zitakazofunguka motoni.

Pale penye mashine ya kunolea, chuma chenyewe hujitambulisha kwa cheche. Nondo hutoa cheche ndefu zilizonyooka, zenye matawi machache. Springi hutoa cheche zinazopasuka kwa matawi mengi zaidi. Tupa hutoa cheche fupi zinazopasuka kwa wingi kama nyota karibu na jiwe. Fundi akiwa na kipande cha nondo na kipande cha tupa cha kulinganishia, hahitaji maabara kujua alichoshika mkononi.

Visu vya kiwandani visivyoshika kutu vina hesabu yake. Ili chuma kistahimili kutu huhitaji kromiamu ya kiasi cha asilimia 11 hadi 13 au zaidi. Visu hivyo vinafaa jikoni, hasa penye chumvi, ndimu na nyanya. Lakini vile vya bei ya chini sana mara nyingi huwa na kaboni kidogo, na matokeo yake ni kisu kinachong'aa muda mrefu kuliko kinavyokata.

Hata hivyo, kuwa na springi nzuri ni nusu tu ya kazi. Kisu cha springi kilichoachwa kipoe chenyewe baada ya kufuliwa hakitakuwa na makali ya kudumu. Chuma lazima kikazwe kwa hatua mbili, na wengi huiruka ya pili.

Hatua ya kwanza ni kuchoma na kuzimisha. Kisu hupashwa moto hadi sumaku isikishike tena, jambo linalotokea kwenye nyuzi joto zipatazo 770, kisha huongezwa moto kidogo tu, kwa springi hadi nyuzi 820 au 850. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inatosha kwa kipimo hicho. Rangi ya moto itazamwe kivulini, kwa kuwa juani chuma huonekana cha baridi kuliko kilivyo na fundi huishia kukiunguza. Chuma kilichozidishiwa moto huwa na chembe kubwa ndani yake, na kisu chake huvunjika.

Kisu hicho huzimishwa katika mafuta, si maji. Maji hupoza springi kwa kasi mno na mara nyingi huipasua au kuipinda. Oili chafu ya gari hutumika sana, lakini moshi wake ni wa hatari kwa mapafu ya fundi na wa wanaomzunguka. Mafuta ya kula, yakiwemo ya alizeti, yakipashwa hadi nyuzi 50 au 60, hufanya kazi hiyo vizuri na kwa usalama zaidi. Chombo kiwe cha chuma na kiwe na mfuniko, maana mafuta yaweza kushika moto.

Hatua ya pili ni kukipasha tena kwa moto mdogo. Kisu kilichotoka kuzimishwa ni kigumu lakini ni dhaifu kama kioo. Kikianguka sakafuni chaweza kukatika. Husuguliwa kwa mchanga mpaka chuma king'ae, kisha huwekwa juu ya makaa yaliyofifia, mgongo ukitangulia kwenye joto, huku rangi ikitazamwa. Inapofika ya ngano mbivu, kwenye nyuzi zinazokaribia 210 hadi 220, kisu cha kukatia kimekuwa tayari. Panga, ambalo hupigwa kwenye miti, huachwa liende mbele hadi rangi ya kahawia au zambarau, nyuzi 260 hadi 280. Hupungua ugumu kidogo lakini halimeguki.

Mnunuzi naye ana wajibu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hujiuza pale tu mnunuzi anapojua kukipima. Tupa kali ikipitishwa kidogo karibu na makali ya kisu kilichokazwa, huteleza. Ikikwaruza na kula chuma kwa urahisi, kisu hicho ni laini. Makali yakilazwa na kukandamizwa polepole kwenye kipande cha shaba cha mviringo, yapinde kidogo na kurudi. Yakibaki yamepinda, ni laini mno. Yakimeguka, hayakupashwa mara ya pili. Muuzaji asiyeruhusu kipimo chochote amekwisha kujibu swali.

Mkulima pia ajue kwamba kisu kizuri chaweza kuuawa kwa kunolewa. Mashine ya umeme isiyotumia maji hupasha makali hadi yakawa ya bluu, na papo hapo ugumu wake hupotea. Kinoo na maji ni salama zaidi. Kama ni lazima mashine itumike, kisu kichovywe kwenye maji kila baada ya mpito mmoja au miwili.

Itasemwa kwamba utaratibu huu utapandisha bei. Ni kweli, kazi inaongezeka. Lakini mkaa unaoongezeka ni kidogo, na mafuta yale yale huzimishia visu vingi. Kwa mfano, mkulima anayenunua kisu cha Sh. 3,000 kila baada ya miezi minne hutumia Sh. 9,000 kwa mwaka. Kisu cha Sh. 8,000 kinachovuka mwaka huo tayari kimemwokolea fedha, na mwaka wa pili ni faida tupu.

Wafanyabiashara wa chuma chakavu watenge springi na tupa badala ya kuzichanganya na nondo, wamuuzie mhunzi wa jirani kabla ya kupakia lori. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa aina hii hasa, pamoja na VETA, wapeleke mafunzo ya siku mbili au tatu kwenye karakana za wahunzi wenyewe, kwa kuwa mhunzi mwenye familia si rahisi afunge kazi kwenda chuoni kwa miezi. Halmashauri nazo ziwakumbuke wahunzi vijana katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyowekwa kisheria mwaka 2018 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Mhunzi mwenyewe anaweza kuanza kesho kwa jambo lisilohitaji mkopo: kugonga alama yake kwenye kila kisu alichokikaza kwa hatua zote mbili, na kutoigonga kwenye kisu cha nondo. Alama hiyo itamlinda mnunuzi dhidi ya kubahatisha, na itamlinda fundi mwaminifu asibebeshwe lawama ya kazi mbovu ya mwingine.

Mbulu na Hanang zina chuma, zina alizeti, na zina watu waliorithi kazi hiyo kwa vizazi. Kuendelea kununua makali yasiyodumu wiki ilhali uwezo huo upo mlangoni ni gharama ambayo mkulima hana sababu ya kuibeba.