Kizazini Mna, Pana au Kuna Uvimbe?

Katika mashamba ya majanichai ya Kericho na Bomet, Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya hukutana katika Kiswahili. Ndiyo lugha ya nyapara na mchumaji, na aghalabu ndiyo lugha ya daktari na mgonjwa. Hivyo basi, mwanamke aliyekosa mtoto kwa miaka kadhaa anapopigwa picha ya tumbo, huambiwa kwamba ana "uvimbe kwenye kizazi". Maelezo hayo ni sahihi, ila hayamfai kitu.

Fibroidi ni uvimbe unaoota katika misuli ya mji wa mimba. Si saratani, na wanawake wengi wanao bila kujua. Kwa anayetaka kupandikiziwa mimba, swali kuu si kama anao, bali uko wapi. Uliochomoza ndani ya chumba cha mji wa mimba, pale kiinitete kinapopaswa kujishikiza, hupunguza uwezekano wa mimba kushika, na madaktari hupendekeza uondolewe kwanza. Uliojitokeza upande wa nje kwa kawaida hauathiri matokeo. Uliomo katika unene wa ukuta ndio ungali unazua ubishi: tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba hupunguza ufanisi, lakini haijathibitika kwamba kuukata hurejesha kilichopotea. Isitoshe, upasuaji huweza kuacha kovu, na humlazimu mwanamke kusubiri miezi kadhaa ilhali umri wa mayai yake hausubiri.

Tofauti hii ni ya fedha vilevile. Watoto wa kwanza wa utungishaji nje ya mwili nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Hadi leo jaribio moja hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Mchumaji aliyeuza ng'ombe na kwenda Nairobi na neno "uvimbe" pekee hawezi hata kuuliza kwa nini anakatwa, au kwa nini hakatwi.

Lugha yenye ngeli ya PA-KU-MU haina udhuru hapa. Inajua kutenga mahali dhahiri, mahali pasipo dhahiri na mahali pa ndani. Yashindwaje kutenga uvimbe wa chumbani, wa ukutani na wa nje? Mjadala wa "tarakilishi" na "ngamizi" umemeza kurasa nyingi za majarida yetu, na kompyuta haikuugua hata siku moja.

Badala ya istilahi, tulicho nacho tele ni hukumu. "Tasa" na "mgumba" hurushiwa mke kabla mume hajapimwa, kana kwamba mbegu za mume haziwezi kuwa na kasoro. Mila ya Wakipsigis ilikuwa na busara zaidi: mwanamke asiyejaliwa mrithi aliweza kumwoa mwanamke mwingine, na watoto wa huyo wakawa wa nyumba yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo miongoni mwa Wanandi katika kesi ya urithi. Mila hiyo ilimpa mwanamke nafasi ya kusimama; kamusi zetu bado zinampa jina tu.

Wapo watakaosema kwamba daktari aweza kuchora. Naam, huchora. Lakini mgonjwa afikapo nyumbani, mumewe na mama mkwe humwuliza ameambiwa nini, na hapo hujibu kwa maneno.